Kila Kona ya Garbatulla Iwe na Mwenyewe

Usalama ukitajwa Garbatulla, mji mdogo wa Kaunti ya Isiolo, Kenya, mazungumzo huenda moja kwa moja malishoni: mifugo iliyoporwa, mpaka wa kaunti, risasi zilizosikika usiku. Ni haki iwe hivyo, maana makaburi yapo na wajane wapo. Lakini kuna usalama mwingine ambao hauingii kwenye taarifa ya habari. Ni ule wa mama anayefunga kibanda magharibi huku mauzo ya siku ameyafunga kwenye leso. Wa msichana wa sekondari anayetumwa dukani baada ya isha. Wa mzee aliyeuza fahali wawili sokoni na sasa anatafuta pikipiki ya kumrudisha nyumbani. Hawa hawaulizi habari za mpaka. Wanauliza kama watafika.

Makala haya ni yao, na ya kila anayeweza kuwasaidia: mwenye duka, mwendesha bodaboda, imamu, mwalimu, chifu, mzee wa mtaa, mwakilishi wadi. Hoja yangu ni moja. Mji mdogo kama huu huwa salama pale kila sehemu inayotumiwa na wote inapokuwa na mtu anayejulikana kwa jina kwamba ndiye wa kuulizwa. Taa na askari wana kazi yao, lakini taa isiyo na mwenyewe huzimika ikasahaulika, na askari asiyejua aanzie kwa nani hufika mambo yameshaharibika.

Waborana wa hapa wanalijua hili kuliko wengi, kwa sababu ndivyo wanavyoendesha visima. Kisima kina konfi, aliye na haki ya kwanza kwa kuwa yeye au mababu zake ndio waliokichimba, na siku ya kunywesha ina abba herega, anayepanga zamu: ng'ombe wa nani watangulie, ngamia waje lini, mgeni apewe nafasi gani. Watu wenye kiu na mifugo yenye kiu hukutana hapo kwenye jua kali, na maji yakanyweka bila fimbo kuinuliwa, kwa kuwa kila mmoja anajua zamu yake na anamjua wa kumlalamikia. Soko la mji, stendi ya pikipiki na njia ya kwenda hospitali navyo ni visima vya aina hiyo. Tatizo ni kwamba havina abba herega.

Kwa nini mji, na kwa nini sasa

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 99,730 katika kaunti ndogo ya Garbatulla, kati ya 268,002 wa Kaunti nzima ya Isiolo. Wengi wao bado ni wa vijijini na malishoni, lakini mambo yao yote muhimu huishia mjini: hospitali, ofisi za serikali, shule, soko. Misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, iliwamalizia wafugaji wengi wa kaskazini mifugo yao, na aliyebaki bila mifugo husogea karibu na mji kutafuta kibarua. Wakati huohuo barabara ya Isiolo hadi Mandera, takriban kilomita 740, inajengwa kwa lami kwa fedha za serikali na wafadhili kadhaa, Benki ya Dunia ikiwamo. Lami huleta biashara. Huleta pia malori ya usiku, wageni wasiojulikana na mwendo wa kasi ambao punda na watoto hawajauzoea. Mji ukijipanga kabla ya haya yote kushika kasi, gharama ni ndogo. Ukingoja, utajipanga baada ya mazishi.

Tuseme wazi pia kwa nini watu wengi hapa hawapendi kukanyaga kituo cha polisi. Mwaka 1963 Mkuu wa Wilaya Daudi Dabasso Wabera na Chifu Haji Galma Dido waliuawa, na vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kaskazini ijitenge, vikaendelea hadi 1967. Serikali iliwakusanya wafugaji kwenye vijiji vya lazima, Garbatulla ikiwa miongoni mwavyo, na mifugo ikateketea. Sheria za hali ya hatari zilibaki kaskazini hadi 1991, na sheria iliyopitishwa 1970 iliwakinga maofisa wasishtakiwe kwa yaliyotendwa miaka hiyo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika haya kwenye ripoti yake ya 2013. Babu aliyepitia hayo alimfundisha mwanawe kunyamaza mbele ya mwenye sare, na mwana akamfundisha mjukuu. Ushauri wowote wa usalama unaopuuza kimya hicho hautafika mbali. Ndiyo maana napendekeza tuanze na mambo ambayo wananchi wenyewe wanaweza kuyafanya, kisha twende kwa serikali tukiwa na karatasi mkononi.

Tembeeni mji kwa miguu, giza likishaingia

Kazi ya kwanza haihitaji hata shilingi. Kusanyeni watu kumi hivi: kina mama wa soko wanne au watano, wasichana wawili wa sekondari wakiwa na mama zao, mtu mwenye ulemavu, mwendesha bodaboda, mwenye duka, mzee wa mtaa. Chagueni jioni moja, tokeni baada ya magharibi, tembeeni polepole kutoka sokoni hadi hospitalini, kutoka hospitalini hadi msikitini, kutoka msikitini hadi mtaa wa mwisho. Kina mama watangulie, wanaume wafuate na wasikilize.

Kwenye kila kona simameni muulizane: Hapa naona uso wa mtu aliye hatua ishirini mbele? Nikipiga kelele nani atasikia? Kuna mahali pa mtu kujificha, kichaka cha mathenge au kibanda kilichoachwa? Nikitaka kukimbia, kuna njia ya pili au ni uchochoro uliozibwa? Saa ngapi watu huacha kupita hapa? Na hapa ni pa nani? Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mkikosa jibu, wekeni alama.

Utaratibu huu umejaribiwa kwetu Afrika Mashariki. Dar es Salaam iliingia kwenye mpango wa miji salama wa shirika la UN-Habitat mwaka 1997, na huko Manzese wanawake walitembea mtaani mwao wakionyesha vichochoro na kona wanazoziogopa. Walichokigundua ni kile ambacho mtaalamu wa ofisini hakioni: mahali pa hatari si lazima pawe pale polisi wanapopataja. Mara nyingi ni pale mwanamke alipoacha kupita kimyakimya, akawa anazunguka njia ndefu bila kumwambia mtu.

Mkirudi, andikeni orodha ya sehemu zisizozidi kumi. Orodha ya sehemu hamsini haifanyiwi kazi na mtu.

Taa, vichaka na namba kwenye nguzo

Mwaka 2016 jiji la New York liliweka taa kali kwenye baadhi ya mitaa ya nyumba za serikali iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na mitaa mingine ikaachwa ilivyo ili ilinganishwe. Watafiti walikuta makosa makubwa ya nje nyakati za usiku yamepungua kwa takriban asilimia 36 kule kwenye taa. Garbatulla si New York, lakini giza ni lilelile na mwizi ni yuleyule.

Anzeni na la bure. Kateni mathenge na vichaka kandokando ya njia mlizoziwekea alama. Asubuhi moja ya vijana wenye mapanga hubadilisha njia nzima. Wenye maduka waombwe kuacha balbu moja ya nje ikiwaka hadi saa nne usiku. Anayetumia sola anaweza kuweka taa ndogo yenye betri yake juu ya mlango. Kibanda kilichoachwa kifungwe au kiondolewe kwa idhini ya mwenyewe.

Kisha nendeni kwa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti kazi ya taa za barabarani, masoko, barabara za kaunti na zimamoto. Usimwombe mbunge taa kama hisani wakati ni wajibu wa kaunti. Ombi liwe na kipimo, na liwe fupi. Mfano: "Tunaomba taa nne za sola, mbili kati ya soko na hospitali, moja stendi ya pikipiki, moja njia ya shule. Tulitembea njia hizi usiku tukiwa watu kumi. Majina na sahihi zetu ni haya. Tunaomba pia fedha za kubadilisha betri kila zinapochoka." Msilisahau hilo la betri. Taa ya sola haifi kwa sababu jua limekwisha. Hufa kwa sababu betri imechoka, vumbi limefunika kioo, na hakuna aliyeandikwa kuwa wa kuiangalia.

Kila taa ikisimama, ipigeni namba kwa rangi kwenye nguzo: 1, 2, 3 na kuendelea. Mwenye duka la karibu awe mlinzi wake. Ikizimika, yeye hutuma ujumbe mfupi kwa ofisi ya wadi: "Taa namba 3 imezimika tangu Jumatatu." Ujumbe wenye namba na siku una uzito kuliko malalamiko ya mwezi mzima barazani.

Na mjue tarehe. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Anayepeleka ombi la taa mwezi Juni amefika sahani zikiwa zimeoshwa. Pelekeni Agosti, likumbusheni Februari, na mhudhurie kikao cha wananchi cha bajeti mkiwa na nakala.

Watu wabaki barabarani

Angalieni mji usiku wa Ramadhani. Baada ya tarawehe maduka yako wazi, chai inapikwa, watoto wanacheza, wazee wamekaa nje kwenye mikeka. Hakuna askari wa ziada aliyeletwa, na bado mama anatembea bila kugeuka nyuma. Mwandishi wa Marekani, Jane Jacobs, alieleza jambo hilihili kwenye kitabu chake cha 1961 kuhusu miji mikubwa: kinachoilinda barabara kwanza ni macho ya watu walio kwenye shughuli zao.

Basi tuige Ramadhani mwaka mzima, japo kwa kiasi. Wauzaji wa jioni, wale wa chapati, maziwa ya ngamia na mboga, wapewe sehemu moja ya pamoja yenye taa, iliyo njiani mwa wengi, badala ya kila mmoja kujikunja kwenye kona yake. Wenye hoteli watandaze viti upande wa barabara. Duka la dawa na kibanda cha M-Pesa viwe ndani ya eneo hilo. Madrasa na masomo ya jioni yafunge kwa saa zinazolingana, ili watoto warudi kwa makundi na wakubwa wawe njiani.

Wauza miraa wasemezwe kwa heshima. Miraa ikishuka kutoka Meru alasiri, vijana hujaa pale, na wengine hubaki hadi usiku wa manane. Kuwafukuza kunawasukuma gizani tu. Afadhali wawe mahali penye mwanga, mbali kidogo na njia ya wasichana wa shule, na muuzaji mmoja akubali kwa jina lake kuwa akiona fujo au mtu akisumbuliwa atamwita mzee wa mtaa. Naye huyo ni abba herega.

Siku ya soko na pesa taslimu

Mzee akiuza mifugo, kila mtu sokoni anajua amebeba nini. Kwa hivyo ushauri huu ni wa kwake na wa wanawe. Lipwa kwa simu kadiri inavyowezekana, na uhakikishe ujumbe umeingia kwenye simu yako, usiridhike na ule unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Ukilipwa taslimu, hesabu ndani ya duka la mtu unayemfahamu, kamwe si nje. Weka kwa wakala kabla ya kutoka mjini, ubaki na za matumizi. Ondoka kabla ya jua kushuka, na usiondoke peke yako. Namba ya siri usimpe yeyote, hata kijana mpole anayejitolea kukusaidia na simu. Mfundishe mjukuu wako, au nenda kwa wakala mmoja uliyemzoea. Anayenunua mnyama naye adai shahidi, alama ya mnyama iandikwe, na dalali atoe jina lake. Mnyama wa wizi akipita sokoni mara moja, soko lote linabeba lawama.

Kwa kamati ya soko nina mfano mmoja, na hauko mbali. Fuata barabara hiyohiyo kuelekea Mandera hadi Wajir. Miaka ya 1992 na 1993 koo za huko zilikuwa zikiuana, na soko la mji likagawanyika: mwanamke wa ukoo mmoja hauzi upande wa mwingine, wala hanunui. Kundi la wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, lilianza na jambo dogo linaloshikika: mwanamke yeyote wa ukoo wowote awe huru kuuza na kununua sokoni, na wawepo wa kuangalia kila siku kama hilo linatekelezwa. Ugomvi wa bei au wa nafasi ulisuluhishwa palepale kabla ya kufika nyumbani kwa wanaume. Kutoka hapo wakawaendea wazee, vijana na wafanyabiashara, na Septemba 1993 koo zikatia sahihi Azimio la Al Fatah. Kamati ya amani ya Wajir baadaye ilikuwa mfano kwa wilaya nyingine za Kenya, na Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007.

Garbatulla wanaishi Waborana, Wasakuye, Wasomali, Wameru na wengine. Kamati ya soko iwe na wanawake wa pande zote, wenye zamu ya kila siku ya soko, na uwezo wa kumaliza ugomvi wa meza, mzani na deni kabla haujageuka ugomvi wa kabila. Tetesi zikizuka kwenye simu kwamba fulani wameshambuliwa, kamati ipige simu kwa mwenzao wa upande ule kabla ya mtu yeyote kusambaza.

Bodaboda

Kwa abiria wa usiku, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, teksi na basi. Vijana wa stendi wakijipanga, nusu ya kazi imekwisha. Kila mwendeshaji awe na fulana ya kung'aa yenye namba kubwa mgongoni, na daftari la stendi lionyeshe namba ni ya nani na picha yake. Mgeni asiyeandikishwa asibebe abiria giza likiingia. Chagueni kwa zamu waendeshaji wawili wa usiku, wanaoaminika, na namba zao zibandikwe hospitalini, kwenye wodi ya wazazi na dukani. Wewe abiria, mtumie mtu wa nyumbani namba ya fulana kabla ya kupanda, na ufanye hivyo mwendeshaji akikuona. Mwaminifu hatakasirika.

Kofia ngumu si ya kumridhisha askari. Mapitio ya tafiti za nchi nyingi yamekuta kwamba hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kuhusu lami, andikieni Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, mkitaja mahali hasa mifugo na wanafunzi wanapovuka, muombe matuta na alama. Na mifugo isilale barabarani usiku. Mwenye ngamia barabarani anamhatarisha dereva asiyemwona mnyama hadi amemfikia.

Jambo likitokea

Hapa ndipo kimya cha miaka mingi kinapowaumiza wanyonge zaidi. Ukishambuliwa au kuibiwa, nenda kituoni, taja saa, mahali na ulichokiona, kisha usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Hiyo namba ndiyo ushahidi kwamba ulifika. Kama umejeruhiwa, omba fomu ya P3 ya kurekodi majeraha, hutolewa bure. Nenda na mtu mzima mwingine, na kama Kiswahili kinakusumbua, nenda na anayeweza kukutafsiria. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112. Mtoto aliye hatarini ana simu ya 116, na anayefanyiwa ukatili wa kijinsia ana 1195. Zibandikeni msikitini, kanisani, shuleni na kwenye mlango wa kila duka. Afisa akikunyima huduma au akikudhulumu, kuna Mamlaka Huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Peleka malalamiko ukiwa na tarehe na namba yako ya OB kama ulipewa.

Kuhusu ubakaji sitazunguka. Mwathiriwa apelekwe hospitalini mara moja, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifanyi kazi zikichelewa kuliko hapo. Asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Matibabu hutangulia, polisi hufuata. Hakuna anayetakiwa kuonyesha namba ya OB ili atibiwe. Na wazee wetu wapendwa, ninawaheshimu na ninajua maslaha, usuluhishi wenu wa kimila, imezuia damu nyingi kumwagika kati ya jamii. Lakini kesi ya mtoto aliyenajisiwa au mwanamke aliyebakwa haimalizwi kwa ngamia. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimpi mzee wala mzazi uwezo wa kuifuta. Mkiimaliza chini ya mti, mtendaji anarudi kwenye njia ileile, na binti wa mwingine anapita hapo kesho. Tumieni heshima yenu kumsindikiza mzazi hadi kituoni.

Kuhusu mwizi aliyekamatwa: sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, na inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hapo ndipo mwisho wa ruhusa. Anayempiga hadi kufa ameua, na mara nyingi aliyeuawa si yeye aliyeiba. Askari naye ana mpaka wake: Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza mahakama inapofunguliwa kama muda huo umeangukia nje ya saa za kazi.

Nyumba Kumi na mgeni

Mpango wa Nyumba Kumi ulihimizwa Kenya mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, kwa mfano wa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania ulioanza miaka ya 1960. Ukifanywa vizuri, ni majirani kujuana. Ukifanywa vibaya, ni kusemana. Wekeni kanuni moja: huripotiwi kwa kabila lako, mavazi yako wala msikiti wako, huripotiwa kitendo. "Mtu anapima ukuta wa shule kila usiku" ni taarifa. "Kuna Msomali mgeni" si taarifa, na ikizoeleka huwafanya vijana wasiseme lolote hata wakiona jambo la kweli.

Mgeni apokewe na mwenyeji wake amtambulishe kwa mzee wa mtaa siku hiyohiyo. Huo ni utu wetu wa zamani, na kwa usalama hauna mfano. Mkuu wa kituo naye aalikwe kunywa chai sokoni mara moja kwa mwezi, bila kesi yoyote mezani. Kijana aliyewahi kumsalimu afisa kwa jina atampigia simu siku ya haja.

Moto na laga

Mabati na mbao vikishika moto, safu nzima ya vibanda huondoka kwa dakika chache, na Isiolo mjini ni zaidi ya kilomita 100. Kila kibanda cha tano kiwe na ndoo mbili za mchanga. Petroli ya chupa iuzwe mbali na jiko na mbali na chaja za simu. Achieni upana wa mkokoteni kati ya safu na safu. Mvua ikinyesha, laga, yaani mto wa msimu, ikitiririka haivukwi kwa miguu wala kwa pikipiki, hata ikionekana ya kina kifupi. Kijana mmoja wa kila upande apewe kazi ya kusimamisha watu.

Waanze nani, na lini

Mambo niliyotaja ni mengi, na mji ukiyashika yote kwa siku moja hautamaliza hata moja. Kwa hivyo chukueni miezi mitatu. Mwezi wa kwanza, tembeeni usiku na mchague sehemu tano kati ya zile kumi. Mbele ya kila sehemu andikeni jina la mtu mmoja aliyekubali, na namba yake ya simu: soko, stendi ya pikipiki, njia ya hospitali, njia ya shule, kisima cha mji. Karatasi hiyo isomwe barazani kwa chifu, na msikitini na kanisani. Mwezi wa pili, kateni vichaka, washeni taa za milangoni, andikisheni pikipiki, tayarisheni ombi la kaunti. Mwezi wa tatu, tembeeni tena njia zilezile, na mama walewale, mkaulize maswali yaleyale.

Kama mama aliyesema mwezi wa kwanza kwamba hapiti kwenye uchochoro ule sasa anapita, kazi imefanyika, na mnaweza kuchukua sehemu tano nyingine. Kama bado anazunguka, msilaumu taa wala serikali kwanza. Muulizeni aliyeandikwa jina ni nini kilimzuia, mumsaidie, au mpeni kazi hiyo mwingine. Hivyo ndivyo kisima kinavyolindwa hapa tangu zamani, na mji utalindwa vivyo hivyo.